Mara ngapi tutaandikwa?



Mwezi wa kumi na mbili unakaribia. Tarehe 3 Desemba ni siku ya dunia nzima ya watu wanaoishi na ulemavu, Umoja wa Mataifa uliiweka tangu 1992. Huku kwetu Butembo na Beni tunajua namna inapitaka. Watu wanaitwa asubuhi na mapema. Wanapangwa kwenye kiwanja, jua linapanda, wakubwa wanachelewa. Hotuba inasomwa kwa Kifaransa. Halafu kunatoka mfuko wa mchele, sabuni, pengine magongo mawili matatu, na mbele ya kila kitu picha. Saa nane kila mtu anarudi kwake.

Hatusemi mchele ni mbaya. Mwenye njaa hachagui. Leo tunauliza kitu kingine ambacho hatukisikiaki katika zile hotuba: yule mtu akirudi nyumbani na mfuko wake, moyoni yuko namna gani? Amepona kidogo, ao ameumizwa tena?

Mtatuuliza, sendika ya wachimbaji inatafuta nini katika mambo ya ulemavu? Wandugu, tusidanganyane. Shimo linatengeneza vilema kila mwezi. Mti wa kushikilia udongo unavunjika, jiwe linaruka kwenye jicho la mama anayetwanga, kamba inakatika, mgongo unavunjika. Tuongeze vita. Tangu mwezi wa kumi 2014 mapanga ya ADF yanakata watu katika Beni, na tangu 2024 yamefika hadi Bapere, kule kule tunakochimba. Wengine kati yetu walikimbia shimo wakiwa na mikono miwili, wakafika Butembo na mmoja. Wazee walisema hujafa hujaumbika. Mchimbaji anaielewa hiyo mezali kuliko mtu yeyote.

Tuanze na ndugu yetu mmoja. Jina lake tunaliacha, maana ana watoto shuleni. Alikuwa mkubwa wa ekipe upande wa Manguredjipa, mtu wa nguvu, mtu wa kuchekesha wengine, mwimbaji wa korale. Mti ulimwangukia, mguu ukakatwa chini ya goti. Hospitali walimtunza vizuri, kidonda kilikauka. Halafu zikaanza orodha. Katika miaka miwili aliandikwa mara nne. Kila mara wageni wanafika na karatasi, wanauliza jina, umri, idadi ya watoto, mguu ulikatika namna gani. Kila mara anasimulia tangu mwanzo: mti, giza, kelele za wenzake. Kila mara anaambiwa apandishe suruali ili wapige picha ya mahali mguu ulikatwa. Halafu wanaenda.

Mara ya tano waliposimama mlangoni, alimwambia mtoto wake: “Waambie baba hayuko.” Akabaki ndani. Tangu siku ile hata korale aliiacha. Mke wake alikuja kutuona, akasema: “Mguu ulipona, sasa ni mawazo inamukula. Analala na macho wazi. Anasema yeye ni picha tu.”

Msaada wenyewe haukufika hata mara moja. Lakini kuandikwa peke yake kulikuwa kumemfanyia kazi kichwani. Njo jambo tunataka wakubwa wasikie: programu ya leta inaanza kugusa roho ya mtu siku ile karani anafungua daftari. Ikimfungulia tumaini halafu inyamaze, inamwacha chini kuliko ilivyomkuta. Mtu aliyeambiwa “hapana” analia siku moja, kisha anatafuta njia nyingine. Mtu aliyeambiwa “ngojeni” anabaki kwenye mlango miaka.

Tumesikiliza wengi, katika Butembo, katika Beni, na wale waliokimbia Bapere. Tumeona vidonda vya namna tatu.

Cha kwanza ni haya. Kuna karatasi ambayo mgonjwa asiye na pesa anaitafuta ili ahurumiwe kwenye malipo. Juu yake imeandikwa neno “indigent”. Sisi wenyewe tumesindikiza wandugu kwenda kuitafuta. Tumeona mtu aliyekuwa analisha watu nane kwa mikono yake, anapewa hiyo karatasi, anaikunja mara nne, anaificha ndani ya soksi ili jirani asiisome. Karatasi inamsaidia hospitalini, ni kweli. Lakini inamwambia wewe sasa ni nani. Kwani hakuna neno lingine? Mchimbaji aliyeumia kazini ni mfanyakazi aliyeumia kazini. Askari akikatwa mguu hawamwiti maskini.

Cha pili ni wivu wa majirani. Mama mmoja aliyepoteza jicho kwa kutwanga, alikuwa katika likilimba ya wamama kumi na wawili. Kila juma wanachanga, kila juma mmoja anachukua. Siku ilisikika kwamba ameandikwa na leta, wenzake wakaanza kumwambia: “Wewe unasaidiwaka, acha sisi wenye shida tuchukue mbele.” Mwisho wake wakamtoa. Hakuwa amepokea hata kopo la chumvi. Alipoteza likilimba juu ya msaada usiokuja. Na mjue likilimba kwa mama siyo pesa tu. Ni mahali pa kukaa pamoja, kucheka, kuulizwa habari za watoto. Alipoteza jicho shimoni, akapoteza wenzake juu ya orodha.

Cha tatu ni woga. Watu wamejifunza kwamba anayesaidiwa ni yule anayeonekana vibaya kuliko wengine. Kwa hiyo mgeni wa orodha akifika, viatu vinafichwa, nguo nzuri inavuliwa, mtoto anaambiwa asicheke. Kijana mmoja mwenye mguu mbovu alikuwa anatengeneza telefoni chini ya mwavuli, kazi inaenda vizuri. Aliposikia wanaandikisha, alifunga kazi wiki mbili. Alituambia: “Wakiniona niko nafanya kazi, watasema nilipona.” Angalieni huo ujinga. Tunamfundisha mtu mzima kuigiza kilio mpaka kilio kinakuwa chake cha kweli.

Sasa tufike kwenye sheria, maana wengine watasema tunatafuta zawadi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika artikle 49, inasema kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya ulinzi wa pekee unaolingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya roho. Inaongeza kwamba leta ina deni la kuwaweka watu wenye ulemavu ndani ya ofisi za taifa, za jimbo na za chini. Kwa hiyo roho ya mtu iko ndani ya Katiba, hatukuileta sisi. Halafu mwaka 2015 Congo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yenyewe, loi organique 22/003, ya kulinda na kuinua haki zao. Hata wizara ya kuwashughulikia ilikwisha kuwekwa Kinshasa. Karatasi zimejaa. Kinachobaki ni umbali kati ya Kinshasa na Njiapanda.

Kuna CNSS pia. Mfanyakazi wa kampani aliyeandikishwa, mwajiri anamlipia asilimia 1,5 ya mshahara kwa ajili ya ajali za kazi, na hiyo anailipa mwajiri peke yake. Mfanyakazi huyo akikatika mguu, ana haki ya malipo ya ulemavu kwa sababu kazi yake ililipiwa. Hapigi magoti. Lakini mchimbaji wa mikono hana mwajiri kwenye karatasi. Ana karte ya uchimbaji kama ameipata, ana koperativi kama iko, ana PDG wa shimo. Siku ya kugawa magunia, PDG ni mkubwa. Siku ya ajali, PDG ni ndugu tu, analeta kilo tano za mchele na pole. Kazi ni ile ile, jiwe ni lile lile. Mmoja anaitwa mwenye haki, mwingine anaitwa wa kuhurumiwa. Tofauti hiyo inaingia mpaka kichwani, na inamwumiza mtu hata baada ya kidonda kufunga.

Tuseme pia ukweli unaotugusa sisi. Leta imeunda FONAREV kwa sheria ya tarehe 26 Desemba 2022, kwa ajili ya wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa ya vita, na sehemu ya pesa zake inatoka katika redevance ya madini. Ni jambo zuri, pesa ya jiwe kurudi kwa aliyeumia. Lakini dhahabu yetu ya Lubero na Beni inapita wapi? Kila mtu anajua barabara ya Kasindi na ya Kampala. Kila gramu inayopita ndani ya soksi haimlipii mtu yeyote mguu wa bandia. Tukitaka leta itukumbuke, na sisi tuache kuificha ile mali ambayo ingetulipia. Na leta nayo ipunguze kodi za vibarua vya njiani, maana hizo njo zinafundisha watu kuficha.

Je, kuna msaada uliowahi kurudishia watu roho? Upo. Tuutafute, tujifunze.

Huko Kinshasa, kwenye Beach Ngobila, tangu wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, watu wenye ulemavu waliachiliwa mzigo wa kodi wakivuka na bidhaa kwenda Brazzaville. Mtu wa kinga ya magurudumu matatu akawa mfanyabiashara. Wenye miguu mizima walikuwa wanamtafuta awape kazi ya kusukuma. Fikirini mwenyewe: jana unapita unaombaomba, leo watu wanakuita patron. Wandugu wa Goma na Bukavu nao waliijua hiyo biashara ya mpaka. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja: ilisimama juu ya mapenzi ya wakubwa. Leo chefu anakubali, kesho mwingine anakataa, na mtu anarudi kuomba. Heshima inayotegemea moyo wa chefu haidumu.

Tuje hapa hapa kwetu. Tunakumbuka Ebola, tangu Mangina mwezi wa nane 2018 mpaka Juni 2020. Tulikuwa na hasira, tulisema mengi juu ya ile pesa. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kizuri. Wale waliopona, waliokuwa wanakimbiwa katika mitaa, baadhi yao walipewa kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Mwili wao ulikuwa umekwisha kushinda ugonjwa, kwa hiyo waliweza kubeba mtoto bila woga kama wetu. Mtu aliyekuwa anaogopwa akawa mtu anayehitajiwa. Na wakati ule tuliona watu wa psikososiyo wakifika mpaka nyumbani, wanakaa chini kwenye mkeka, wanasikiliza. Kwa hiyo msituambie haiwezekani kuleta psikologu Butembo na Beni. Iliwezekana kwa ugonjwa uliotisha dunia nzima. Ulemavu hautishi mtu wa mbali, njo maana hawaji.

Tuvuke mpaka wa Kasindi. Katika Uganda kuna viti vitano ndani ya bunge kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Katika Tanzania, halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Hatusemi huko ni paradiso. Lakini angalieni mkopo unamwambia mtu nini. Unamwambia: tunakuamini, utarudisha. Mfuko wa mchele mbele ya kamera unamwambia: shukuru, kaa kimya.

Wengine watatujibu: “Ninyi wa sendika mnapenda maneno. Nchi iko vitani, Goma ilichukuliwa mwezi wa kwanza 2025, ofisi za jimbo zimehamia Beni, na ninyi mnaongea juu ya roho.” Tunaelewa. Vita inakula pesa. Lakini sehemu kubwa ya yale tunaomba haihitaji pesa. Kumwambia mtu jibu lake, ni bure. Kuacha kumpiga picha kwa nguvu, ni bure. Kumpa kiti akae badala ya kumsimamisha juani, ni bure. Na vita yenyewe njo inaongeza wenye ulemavu kila juma. Zamani aliyetafuta mguu wa bandia alishuka Goma. Sasa barabara inapita katikati ya majeshi.

Kwa hiyo tunaomba, bila matusi na bila kupiga magoti.

Kwa wakubwa wa mji na wa jimbo: daftari moja tu. Mtu aandikwe mara moja, apewe karatasi yenye namba yake na tarehe ya jibu. Jibu likiwa “hapana”, aambiwe “hapana” na aelezwe juu ya nini. Ofisi ikibadilisha chefu, daftari libaki. Asiwepo mtu wa kumsimulisha tena mama kifo cha mumewe, ao kumfungulisha mtu kidonda ili karani ahakikishe.

Ndani ya kila komite inayogawa msaada, wawepo watu wenye ulemavu waliochaguliwa na wenzao, siyo kualikwa siku ya picha tu. Artikle 49 inawapa hiyo nafasi.

Hospitalini, siku ile daktari anasema mguu utakatwa, awepo mtu wa kuongea na mgonjwa na mke wake, ao mume wake. Tusingoje miaka miwili mpaka mtu ajifungie. Na hapa tunawaambia familia: ndugu yenu akianza kusema afadhali angekufa, msimcheke, na msimwambie tu asali. Kaeni naye, msimwache peke yake, mwambieni muuguzi ao padri ao mchungaji mnayemwamini, na muuguzi awaelekeze kwa wanaojua kazi hiyo. Sala ni nzuri, na mtu wa kukaa pembeni ni mzuri pia.

Itafutwe namna ya kuwa na atelye ya miguu ya bandia upande huu wetu. Wachomeleaji wa Butembo wanatengeneza kila kitu, wafundishwe. Na msamaha wa kodi ya soko kwa mwenye ulemavu uandikwe kwenye karatasi ya mji, usikae mdomoni mwa mpokea kodi.

Sasa zamu yetu. Tunapenda kunyosha kidole kwa leta, na sisi mikono yetu haiko safi. Nani anamwita mwenzake “kilema” mbele ya watoto wake? Ni sisi. Nani anasema mama aliyepofuka jicho amerogwa ao ana laana? Ni sisi. Nani anagawa magunia bila kukumbuka yule aliyeanguka katika shimo lile lile mwezi uliopita? Ni sisi, PDG na wachimbaji pamoja.

Tunapendekeza hivi kwa koperativi na kwa kila shimo. Kabla ya kugawa, itolewe sehemu ya ajali, ijulikane na wote, iandikwe ndani ya kitabu, na iwe na watu watatu wanaoilinda. Aliyeumia aichukue kama deni lake, kwa maana aliichangia alipokuwa mzima. Na ya pili: kila shimo lina kazi ambazo hazihitaji miguu miwili. Kuandika magunia, kupima, kulinda vyombo, kununua chakula cha ekipe. Kazi hizo zisipewe mjomba wa PDG mbele ya aliyekatikia mguu humo.

Tumejaribu kwa yule ndugu yetu wa korale. Wenzake wawili walikwenda kwake jioni, bila karatasi, bila telefoni ya kupiga picha. Hawakumwuliza mguu ulikatika namna gani. Walimwambia kitabu cha magunia kinaharibiwa na vijana, hesabu hazitoki, tunahitaji mtu wa akili. Alikataa mara ya kwanza. Walirudi. Mara ya tatu akasema: “Nileteeni nione.” Leo anakaa pale wanapotwanga, kitabu juu ya goti lake moja zima, anagombana na kila mtu juu ya hesabu. Kuna siku bado ana mawazo, hatudanganyi. Korale bado hajarudi. Lakini alituambia kitu tumekiweka: “Sasa mtu akimwuliza mtoto wangu, anasema baba ameenda kazi.”

Tarehe 3 Desemba, tukiitwa kwenye kiwanja, tutaenda. Tutapokea mchele, tutasema asante, maana tumelelewa. Halafu tutainua mkono na tutauliza swali moja mbele ya wote: lile daftari la mwaka jana liko wapi, na majibu yetu yatatoka lini?